Ng'ombe Wangu Wanalala kwa Watu

Kariakoo hakuna majani. Kuna maboksi, mifuko na moshi wa bodaboda, lakini ukiwauliza wenye fremu kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi, utakuta wafugaji wengi kuliko unavyodhani. Anayeuza sufuria kwa jumla ana ng'ombe Kahama. Mwenye duka la vitenge ana mbuzi Kondoa. Mimi nauza vyombo vya plastiki, na mitamba wangu wako migombani Kilimanjaro, Kibosho na Machame, kwa watu niliowapa wanilelee. Hakuna hata mmoja wetu anayejua ng'ombe wake kala nini asubuhi ya leo.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani kuliko soko letu. Wasukuma huuita kubilisa. Sisi tunasema kuwekesha. Unampa mtu mtamba ambaye bado hajazaa, anakaa naye kwake, anamlisha na kumtibu. Maziwa na mbolea ni vyake, ndama mnagawana kwa mapatano. Usukumani mlezi hupata pia maksai wa kuvuta plau. Hata Wakazakh wa Asia ya Kati, ambao utajiri wao ulikuwa farasi, walikuwa na desturi ya namna hiyo: mwenye mifugo mingi anamwachia jamaa yake asiye na kitu farasi majike awatunze na kukamua maziwa. Kwetu huku farasi tunawaona kwa polisi tu, kwa hiyo nitasema habari za ng'ombe. Haya ndiyo niliyojifunza kwa miaka niliyokuwa mwenye mali asiyeonekana zizini.

1. Mtamba si mali kauli

Kariakoo inakwenda kwa mali kauli. Winga anakuja asubuhi, anachukua mzigo dukani kwangu bila kutoa hata senti, anauza huko anakojua, jioni analeta hesabu. Hakuna karatasi. Namjua sura, najua anapopanga, basi. Ndiyo maana watu wetu wakisikia habari ya kuwekesha ng'ombe huona hilo wanalijua tayari, ni kukopeshana kwa kauli, ila mzigo una kwato.

Lakini beseni nililompa winga asubuhi likirudi jioni ni beseni lile lile. Halijala kitu wala halijazaa. Mtamba ninayempeleka leo ana miezi 18. Nikimfuata baada ya miaka mitatu ni mnyama mwingine, na kila kilo aliyoongeza imetoka kichwani kwa mtu aliyebeba majani. Hesabu ya beseni ni namba moja tu. Hesabu ya mtamba ina maziwa yaliyonywewa, mbolea iliyonenepesha migomba, usiku wa kukesha akizaa, ndama aliyekufa, na dume aliyeuzwa kwa sababu shule zinafunguliwa.

Jirani yangu mmoja, mfanyabiashara hodari kabisa, alitaka mlezi wake ampigie simu kila mwisho wa mwezi ampe hesabu ya maziwa: lita ngapi, zimeuzwa shilingi ngapi. Maziwa yenyewe hayakuwa yake kwa mapatano, alitaka tu kujua. Yule mlezi alijibu miezi michache, halafu akasema kwa adabu zote, "Bosi, njoo umchukue ng'ombe wako." Jirani aliona ni jeuri ya mtu wa kijijini. Mimi niliona mlezi kajua bei ya kazi yake kabla mwenye mali hajaijua.

Msimamo wangu ni huu: mtamba akishazaa kwenye banda la mwingine, wenye mali ni wawili, hata kama karatasi inataja mmoja. Mapatano yanayokataa jambo hilo hayavunjiki kwa kelele. Yanavunjika kidogo kidogo. Maziwa ya ndama yanauzwa, ndama anakonda, nawe unaambiwa ni minyoo.

2. Tazama majani kabla ya ukoo

Sisi wa mjini huchagua mlezi kwa undugu. Huyu ni mtoto wa baba mdogo, yule tulisoma naye. Undugu haulishi ng'ombe. Kwetu mlimani ng'ombe hafunguliwi kwenda malishoni. Kihamba, shamba la nyumbani, ni kidogo na kimejaa migomba na mibuni, kwa hiyo anakaa bandani na kila anachokula kinaletwa. Ni majani ya migomba, magome yake yaliyokatwakatwa, nyasi za tembo zilizopandwa kwenye kingo. Ukavu ukija, nyasi na mabua ya mahindi hutoka huko chini tambarare. Mwenye uwezo anakodi pikapu, asiye nao anapandisha mlima na mzigo kichwani.

Na anayepandisha na mzigo huo mara nyingi si yule baba uliyekaa naye sebuleni mkipatana. Ni mama, au watoto wakitoka shule. Ndiyo maana siku hizi napatana na anayekata majani, mbele ya mwenye nyumba. Nikifika naomba kwanza kuonyeshwa panga linapolala na njia ya kwenda kwenye nyasi. Wengine huniona mtu wa ajabu.

Mlezi wangu wa siku nyingi ni shangazi yangu wa Kibosho, mjane. Mtamba wa kwanza niliyempelekea nilimnunua mnada wa Weruweru kwa mkono wa dalali, tukampakia kwenye pikapu, tukapanda. Mnyama mzuri, mweusi na mabaka meupe, nimemlipia bei ya kutosha. Shangazi alitoka jikoni akijifuta mikono, akasalimia, akaanza kumzunguka. Alivuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaiachia aone inavyorudi. Akafunua kope la chini atazame kama kuna wekundu wa damu. Kisha akapiga magoti kabisa kwenye tope, akaingiza kichwa chini ya tumbo.

"Baba, huyu ana chuchu tano."

Dalali akasema ile ya tano ni ndogo, haina neno.

"Haina neno kwako," shangazi akajibu bila kuinuka. "Wewe hukamui."

Mtamba akarudi garini. Dalali alilalamikia mafuta mpaka tulipofika lami, nami nilimwacha alalamike, maana shangazi alikuwa sahihi: chuchu ya ziada inaweza kusumbua kwenye kukamua na kuleta uvimbe wa kiwele, na mwenye kusumbuka hangekuwa mimi wala yeye. Tangu siku hiyo sinunui mtamba mlezi asipokuwepo mnadani. Nauli ya daladala kutoka Kibosho ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe asiyependwa na anayeishi naye.

3. Ndama jike wa kwanza awe wa mlezi

Hapa ndipo ninapobishana na karibu kila mtu. Mapatano ninayoyasikia sana ni "wa kwanza wangu, wa pili wangu, wa tatu wako." Yanasikika ya haki. Yafanyie hesabu.

Mtamba chotara akilishwa vizuri huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka miwili na nusu au mitatu. Mimba ni miezi tisa. Kwa ufugaji wetu wa banda, kutoka uzao mmoja hadi mwingine ni mwaka na miezi kadhaa juu yake. Ule mwaka kamili wa vitabuni huupata wachache. Na kila anapozaa, nusu kwa nusu ndama atakuwa dume. Maana yake mlezi anayesubiri wa tatu anasubiri miaka minne hivi tangu umletee mtamba, na mwisho wake anaweza kupata dume. Kwa mtu anayebeba majani kila siku ya Mungu, ahadi ya namna hiyo ni hewa. Ataitikia kwa heshima, halafu atajilipa kwa njia nyingine, nami sitamlaumu.

Wengi Kilimanjaro, Arusha, Tanga na Kagera wanaujua mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Ulitoka kwenye shirika la Heifer, ambalo mzizi wake ni mkulima mmoja wa Marekani aitwaye Dan West. Alikuwa akigawa maziwa kwa wakimbizi katika vita vya Hispania, akaona kikombe kinaisha na njaa inabaki, akawaza kugawa ng'ombe badala ya maziwa. Mwaka 1944 mitamba 17 wa kwanza walipelekwa Puerto Rico, na sharti lilikuwa kila anayepewa amtoe ndama jike kwa mwenye shida mwingine. Tanzania mpango huo uliingia miaka ya 1970. Rwanda nako, kupitia mpango wa Girinka ulioanza 2006, familia maskini hupewa ng'ombe na ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani.

Katika mipango hiyo yote mama anakuwa wa aliyepewa, na ndama wa kwanza ndiye malipo. Mimi nimegeuza. Mama anabaki wangu, ndama jike wa kwanza ni wa mlezi, moja kwa moja, siku anayozaliwa. Wa pili na wa tatu ni wangu, kisha tunapokezana. Akizaliwa dume kwanza, tunamkuza, tunamuuza na kugawana nusu kwa nusu, na zamu ya jike inabaki pale pale.

Faida yake niliiona kwa shangazi. Siku alipopata jike wake, banda likawa na ng'ombe wangu na wake wanaokula kwenye hori moja. Dawa ya kupe ikija inamwagwa kwa wote. Hawezi kumpa wa kwake majani mabichi na wa kwangu makavu, na akitaka maji mengi kwa mmoja lazima ayachote kwa wote wawili. Akawa mfugaji mwenzangu, na mazungumzo yetu kwenye simu yakabadilika; hakuniomba tena, tukawa tunashauriana.

Wenzangu wa mtaani huniambia, "Mangi, unagawa mali." Watu hao hao wanalipa kodi ya fremu ya mwaka mzima mkupuo mmoja kabla hawajauza hata kijiko, na mwenye nyumba hajawahi kuwabebea chochote kichwani. Hiyo hawaiiti kugawa mali.

4. Usiende Desemba peke yake

Desemba sisi sote tunapanda kwetu. Kariakoo inauza mpaka usiku wa mkesha, kisha maduka yanafungwa na barabara ya kwenda Moshi inajaa. Ukifika, banda limefagiliwa, ng'ombe ameoshwa, hori limejaa nyasi mbichi. Mvua za vuli zimenyesha na kila mtu ana majani. Unapiga picha, unakula ndafu, unarudi mjini umeridhika. Hujaona kitu.

Nenda mwezi wa pili, au wa tisa, kiangazi kimekaza. Usitoe taarifa ya wiki nzima, ila usivamie pia. Piga simu ukiwa njiani, kwa heshima ya nyumba ya watu. Kwanza tazama kwato. Ng'ombe wa banda zikirefuka na kujipinda, ujue sakafu ni tope tupu na hakuna aliyezikata. Tazama kinyesi kama ni cha mtu anayeshiba. Tazama ndoo ya maji ilipo, maana wengi wanakumbuka majani na kusahau maji, na ng'ombe anayekamuliwa hunywa kuliko mgeni wa mjini anavyoamini. Na usiende mikono mitupu. Mimi nabeba pumba, jiwe la chumvi, na ndoo na madebe kutoka dukani kwangu, ambavyo huko hugeuka vyombo vya kukamulia siku hiyo hiyo.

5. Joto la ng'ombe halisubiri ruhusa yako

Simu imerahisisha mengi, pamoja na kudanganyana. Nimewahi kuonyeshwa na jirani wa fremu picha za ng'ombe wake alizotumiwa katika miezi tofauti. Ng'ombe alikuwa yule yule, amesimama vile vile, na nyuma yake kanga ile ile imeanikwa kwenye kamba, haijawahi kukauka. Tulicheka mpaka wateja wakatuuliza kulikoni. Picha ninayoitaka mimi ni ya sikio lenye hereni, na ya ndama amesimama karibu na mtu ninayemjua ili nione kimo.

Lakini tatizo kubwa la simu si uongo. Ni mwenye mali kutaka kila jambo lipitie kwake. Ng'ombe akiingia kwenye joto, hali hiyo haimalizi siku nzima. Wataalamu wanasema akionekana asubuhi apandishwe jioni, akionekana jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Ukikosa, unasubiri siku 21 nyingine, na unaendelea kumlisha bila mimba. Sasa fikiria mlezi anakupigia saa moja asubuhi, wewe uko kwenye foleni ya kushusha kontena, hupokei. Anapiga saa nne. Unamwambia nitakutumia hela ya mhimilishaji baadaye. Baadaye ni saa tatu usiku, mhimilishaji kalala. Mwezi unaofuata ni hivyo hivyo. Mwisho wa mwaka mwenye mali analalamika kuwa ng'ombe hashiki mimba na kwamba mbegu za siku hizi ni mbovu, wakati mbegu zinatoka kituo cha taifa cha uhimilishaji pale Usa River na wenzake kijiji hicho hicho wanapata ndama.

Kwa hiyo mimi nilikaa na mtaalamu wa mifugo wa kata, nikampa fedha kidogo ya kutangulia, na mlezi anampigia yeye moja kwa moja. Nami napata ujumbe kwamba kazi imefanyika na salio ni kiasi gani. Gharama tumezigawa hivi: majani, maji na kazi ni vya mlezi, chanjo, tiba na upandishaji ni vyangu. Chanjo ya ndigana kali silazi damu. Ugonjwa huo unaletwa na kupe, unaanza na homa na kuvimba kwa matezi, na ndama chotara anaweza kufa ukiwa bado unauliza bei ya dawa. Anachanjwa mara moja, anavishwa alama sikioni, yamekwisha.

6. Mila inataka ngozi, mtaalamu anasema usichune

Ng'ombe hufa. Mwenye kuwekesha asiyekubali hilo anunue kiwanja.

Zamani mlezi alithibitishaje kwamba ng'ombe amekufa kweli na hakuuzwa? Alileta ngozi, na nyama au sehemu yake. Iwe Usukumani au kwetu, mantiki ilikuwa moja: mwenye mali anaijua ngozi ya mnyama wake, baka kwa baka. Ukileta ngozi, umeondoka kwenye lawama. Usipoleta, unalipa. Kwa nyakati hizo ilikuwa sheria nzuri, kwa sababu ilimlinda mlezi kuliko mwenye mali.

Tatizo ni kimeta. Ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, hatakiwi kupasuliwa. Vimelea vyake vikipata hewa hujenga ganda na kukaa kwenye udongo miaka mingi, na anayechuna au kula anaugua, anaweza kufa. Kilimanjaro si mgeni wa ugonjwa huu. Mtaalamu atakwambia mzoga uzikwe shimo refu na kumwagiwa chokaa, au uchomwe moto, pamoja na ngozi yake. Sasa mlezi afanye nini? Akitii mtaalamu, hana ushahidi wa kumwonyesha mwenye mali. Akitii mila, anaingiza mikono kwenye damu ili tu asiitwe mwizi na mtu aliyeko Kariakoo.

Nimeyafikiria sana hayo kwa sababu niliwahi kuona baba mmoja, mlezi wa mtu mwingine, amesimama juu ya ndama aliyekufa ghafla na kisu mkononi, majirani wanamkataza, naye anasema, "Mwenyewe ataniamini vipi?" Swali lake lilikuwa la haki. Bwana mifugo alifika kabla hajachuna.

Kwangu nimeliondoa sharti la ngozi kwa maneno ya wazi, mbele ya mashahidi. Ng'ombe akifa, mlezi anamwita mtaalamu na balozi wa nyumba kumi, anapiga picha ya mnyama mzima na ya hereni yake. Hereni ikiweza kutolewa salama, mtaalamu ndiye anayeitoa. Hiyo inatosha, na baada ya hapo sitaki kusikia mtu ananong'ona. Mwenye mali anayetaka uhakika zaidi ya huo akae na ng'ombe wake ghorofani Mtaa wa Aggrey.

7. Wanao wajue ng'ombe wako wapi

Kuna mzee wa Kisukuma aliyekuwa na duka la jumla mtaa wa pili kutoka kwetu. Alipofariki, wanawe waligawana walichokijua: nyumba, mzigo wa dukani, madeni ya mawinga. Msiba ukiwa bado haujaanuliwa walifika wanaume wawili kwa basi kutoka Kahama, wakaomba kuonana na mtoto mkubwa. Walikuwa walezi. Walikaa kwenye mkeka wakataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi na pembe, nani alizaa nani, yupi alikufa mwaka gani, na nani alichinjwa kwa ruhusa ya marehemu kwenye harusi ya nani. Hawakuwa na daftari. Watoto waliozaliwa Ilala hawakuwahi kusikia habari hizo, na mmoja aliniuliza pembeni kama watu hao ni matapeli wa namna mpya.

Hawakuwa matapeli, lakini si kila mlezi atapanda basi. Mimi nimeandika orodha, nakala moja kwa mke wangu na nyingine kwa mlezi, ikishuhudiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Hereni nazo lazima zizungumzwe. Tangu Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010 mambo yamekuwa yakisogea: mwaka 2017 ng'ombe walipigwa chapa za moto, zikaja hereni, na Juni 2025 ikazinduliwa Bariadi kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi. Ng'ombe anatambuliwa huko aliko, na mtu anayesimama naye siku hiyo ni mlezi. Patana naye mapema jina gani linaandikwa, na orodha yenu ya nyumbani ieleze uhusiano wenu. Ng'ombe wa kuwekesha hana kosa lolote kisheria. Kinacholeta kesi ni ukimya.

8. Siku ya kumchukua

Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Wenye mzigo humo walibaki na funguo mfukoni. Mmoja wao, rafiki yangu, alikuwa na ng'ombe Rombo, na kesho yake akampigia mlezi: uza. Ng'ombe alikuwa amezaa wiki tatu tu. Mlezi akamsihi, "Baba, ndama bado yuko kwenye ziwa, nipe hata miezi miwili." Rafiki yangu hakuwa na miezi miwili. Alituma dalali, na dalali akijua kwamba una shida huisoma kwenye bei. Ng'ombe alikwenda, ndama akanyweshwa maziwa ya kununua, akafa. Fedha iliyopatikana haikufikia nusu ya mzigo uliohitajika, na nyumba ile ya Rombo haipokei tena ng'ombe wa mtu wa mjini.

Sisi wa sokoni tunapenda kusema ng'ombe ni benki. Benki haikuzoei. Tena bei ya ng'ombe haiko mikononi mwako: wakati wa Homa ya Bonde la Ufa, mwanzoni mwa 2007, watu wa Dar waliikimbia nyama ya ng'ombe, na aliyeshusha mzigo mnada wa Pugu wiki hizo aliujua uchungu wake. Mwanzoni mwa 2022 ukame uliua ng'ombe wengi Simanjiro, na majirani zangu waliokuwa na mifugo huko waliuziana huzuni kwa simu. Ndiyo maana nina wanyama vijiji viwili na si kimoja, na ndiyo maana mbuzi ninao pia, kwa sababu mbuzi ukimuuza ghafla hakuna mtoto anayekosa uji wa maziwa.

Ng'ombe anayekamuliwa simwondoi kabla ndama hajaachishwa, na mlezi anapewa nafasi ya kwanza ya kumnunua kwa bei ya mnada, kwa kulipa kidogo kidogo. Shangazi alishanunua mmoja hivyo. Alimaliza deni kabla mimi sijamaliza la kwangu kwa mwenye kontena.

Sasa hivi tuna ubishi wa dume. Ni wetu nusu kwa nusu, ana miaka miwili, na shangazi anataka ashushwe Weruweru kabla mvua za masika hazijaharibu njia, kwa sababu mjukuu anaingia kidato cha kwanza na majani yamepungua. Mimi nataka asubiri Desemba, watu wakipanda na bei ya nyama ikipanda nao. Jana usiku alinipigia tena. Alisema sawa, tusubiri, ila kuanzia kesho majani ya dume nikate mimi.